Bi Mwatime Anatafuta Hapana Moja

Nchi ninayoisimulia siyo hiyo yenu, tulieni. Ninyi mna bunge. Sisi tuna jengo la bunge. Ninyi mna barabara. Sisi tuna sikukuu ya kuzindua barabara. Msomaji akiona mambo ya humu yanafanana na ya kwao, kosa ni la macho yake, akapimwe miwani.

Kwetu hakuna mtu aliyesema hapana kwa miaka ishirini na sita. Jambo hili halikuanza kwa sheria, lilianza kwa adabu. Tulilelewa kwamba mtu akikuuliza kitu, usimvunje moyo usoni. Mgeni akiuliza kama njia hii inafika sokoni, unamwambia inafika, hata kama inafika makaburini. Atajionea mwenyewe huko mbele. Mtu akikualika harusi ya Jumamosi, unasema nitakuja, tena na mapema, na Jumamosi unalala. Naye hakasiriki, maana ya kwako pia hakuja.

Serikali ilipoiona adabu hii ikaipenda, na kitu kikipendwa na Serikali hutungiwa sheria. Ilikuwa hivi: Rais wetu wa kwanza alipata wazo la daraja. Akauliza barazani kama linahitajika, wote wakasema linahitajika mno, isipokuwa karani mmoja, ambaye aliuliza mto uko wapi. Karani alihamishwa. Daraja likajengwa. Lipo hadi leo, zuri sana, mbuzi wanapita chini yake wakila majani, na Wizara ya Maji imeahidi kwamba mto utakuja katika awamu ya pili.

Ndipo ikapitishwa Sheria ya Kutiana Moyo. Kifungu cha tatu kinasema ni kosa kumkatisha mwenzako tamaa juu ya wazo lake. Kifungu cha nne kinasema ni kosa kujaribu. Ndiyo, kujaribu. Kwa sababu anayejaribu ana shaka, na mwenye shaka anamtilia shaka nani? Wazo likishathibitishwa lifanywe lote, siku moja, mbele ya mgeni rasmi.

Mimi mwenyewe nilithibitishiwa. Wazo langu lilikuwa mashine ya kufua soksi peke yake. Watu elfu moja na mia mbili walisema wanaisubiri kwa hamu. Siku ya kuizindua ndipo nilipotazama chini nikaona umati mzima umevaa kandambili. Nikapoteza kiwanja, kisha mke, kwa mpangilio huo. Sasa napanga chumba kimoja chenye dirisha moja, na dirisha lenyewe linatazamana na nyumba ya Bi Mwatime.

*

Bi Mwatime ni mjane wa marehemu Mkadamu, dereva wa greda. Nyumba yao ina vyumba vinne na baraza, na marehemu aliijenga kwa miaka kumi na minne, mshahara ukitoka matofali yanaingia. Alipokufa alimwachia mkewe nyumba hiyo, kuku tisa na shida moja ambayo hakuna aliyeitarajia: mkono wa Bi Mwatime haukujua kupika chakula cha mtu mmoja.

Alijaribu. Alipunguza mchele, akapunguza tena, lakini mkono kwa mazoea ukaongeza. Kila siku sahani ya pili ilipakuliwa, ikapoa, ikapelekwa kwa kuku. Kuku wakanenepa mpaka wakaacha kutaga.

Siku moja akaniita kutoka barazani kwake. Mimi nilikuwa dirishani kwangu, nakoroga uji.

"Jirani! Hivi nikiweka meza hapa, wale wanaokula peke yao wakaja tukala pamoja, kila mtu akachangia kidogo, unaonaje? Si watakuja?"

"Watakuja, Bi Mwatime," nikasema. "Tena watagombea viti."

"Na wewe?"

"Mimi? Mimi nitakuwa wa kwanza!"

Sikuwa na nia mbaya. Kwetu ndiyo hutoka yenyewe, kama chafya.

Yeye akafurahi, akajifunga kanga ya pili, akaenda mjini kufuata taratibu. Hapo ndipo meza yake ilipoanza kukua.

*

Ofisi ya Taifa ya Kuthibitisha Mawazo iko ghorofa ya saba, na lifti imethibitishwa lakini haijafika. Mkurugenzi wake ni Bwana Pantaleo, mtu mwenye sauti iliyotengenezwa kwa ajili ya viwanja vya michezo. Hata akiomba chumvi, utadhani anafungua mashindano.

Alimpa Bi Mwatime fomu za kuwauliza wananchi. Swali lilikuwa moja: *Je, utakuja kula pamoja na wenzako?* Chini yake visanduku viwili vya kuweka alama. Cha kwanza kiliandikwa "Ndiyo". Cha pili, "Ndiyo kabisa".

Bi Mwatime alizunguka mtaa kwa siku sita. Aliporudi alikuwa na fomu mia nne na kumi na mbili. Ndiyo zilikuwa tisa. Zilizobaki zote ndiyo kabisa, na mmoja alikuwa ameandika pembeni kwa mkono wake: "Umechelewa wapi?"

(Yule ni mimi. Nilitaka kumchangamsha.)

Bwana Pantaleo aliposoma matokeo alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Bi Mwatime! Taifa limesema! Wananchi mia nne na kumi na wawili wana njaa, siyo ya chakula, bali njaa ya kukaa pamoja! Na Serikali hii sikivu haiwezi kuisikia njaa hiyo ikanyamaza! Tutajenga Ukumbi wa Taifa wa Kula Pamoja, viti mia nane!"

"Walisema mia nne, bwana mkubwa."

"Na kila mmoja ana rafiki, mama!"

"Mimi nilitaka meza moja. Pale pale barazani."

Mkurugenzi akashusha sauti, ikawa kama ya mtu wa kawaida aliye mbali. "Meza moja ni kujaribu. Unataka nikuandikie kifungu cha nne?"

"Hapa—" Bi Mwatime akajizuia. Alikuwa karibu kulitamka. "Ukumbi utajengwa wapi?"

"Kwako. Mwenye wazo huweka kile ambacho akikipoteza atalia. Hiyo ndiyo imani! Nyumba itavunjwa kwa heshima, Jumatatu ya tatu kuanzia leo, bendi ya polisi ikiwepo. Waziri ataweka jiwe."

"Na wasipokuja?"

Bwana Pantaleo alitazama fomu mbele, akaigeuza, akatazama nyuma. Alisikitika kwa dhati, maana si mtu mbaya.

"Hilo, mama," akasema, "hatuna kisanduku chake."

*

Basi Bi Mwatime akarudi na wiki tatu mkononi. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameishi na dereva wa greda, na mtu wa greda hupima ardhi kwanza ndipo ashushe chuma. Akajiambia: kabla sijavunja nyumba ya mume wangu, nitafute mtu mmoja tu katika nchi hii aniambie hapana. Nikiikosa hiyo hapana, basi kweli watu watakuja. Nikiipata, angalau nitajua inafananaje.

Akaenda kwa imamu: ndiyo, wazo lenye baraka. Akaenda kwa padri: ndiyo, lenye neema. Akamwuliza daktari wa zahanati, aliyesema ndiyo kabla hajaulizwa. Akamwuliza mwenye duka la mchele, ambaye ana kasuku, na kasuku ndiye aliyejibu: "Ndiyo kabisa! Ndiyo kabisa!" Mwenye duka akamtazama kasuku wake kwa fahari.

Ni fundi viatu aliyemnong'oneza kwamba nyuma ya stendi yuko mwanamke anayekaanga chipsi, jina lake Sikudhani, zamani karani wa mizani ya malori barabara kuu. Lori la mheshimiwa mmoja lilipanda mizani siku moja, mizani ikaonyesha, na Sikudhani akasoma kwa sauti. Hakusema zaidi ya namba. Kesho yake hakuwa na kazi.

Kibanda chake hakina wateja wengi, kwa sababu ukimwuliza kama mafuta ni ya leo, anakwambia ni ya Jumanne.

"Kavu au na mayai?" Sikudhani akauliza bila kuinua kichwa, akimenya viazi.

"Sitaki chipsi, mwanangu. Nataka uniambie hapana."

"Ngapi? Za jumla sina."

"Moja tu."

Sikudhani akaweka kisu chini. Bi Mwatime akamweleza yote: meza, fomu, viti mia nane, jiwe la waziri. Kisha akauliza lile swali la kwenye fomu, neno kwa neno.

"Mimi siji," akasema Sikudhani.

Bi Mwatime akaketi juu ya gunia la viazi. "Sema tena."

"Siji, mama. Sikujui. Nikitoka hapa miguu inaniwaka, nakula nimeiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa, na sketi nimeilegeza. Nije nikae wima kwenye ukumbi, nitabasamu na watu mia nane? Hapana."

Machozi yalimtoka Bi Mwatime, na alipokuja kunisimulia alisema hayakuwa ya huzuni. Alisema ilikuwa kama mtu amemshika mkono gizani: mkono mgumu, lakini mkono.

"Basi nyumba nisiivunje?"

"Sijasema hivyo. Mimi ni gari moja. Huwezi kupima gari moja ukasema umepima barabara. Wale mia nne uliwauliza nini?"

"Kama watakuja."

"Hapo ndipo ulipokosea. Dereva ukimwuliza amebeba tani ngapi, atakwambia saba, na lori linalia. Humwulizi, unamwambia apande mizani. Mtu usimwulize kesho atafanya nini, mama. Kesho haina uzito, kila mtu anaibeba. Mwulize jana alifanya nini. Ukishajua, pika sufuria moja, weka nje, uone nani anapanda."

"Kifungu cha nne."

"Mwanamke akipika barazani kwake, nani ataita jaribio? Mwambie yeyote atakayeuliza kwamba jikoni kuna moshi." Akachukua kisu tena. "Haya, ondoka juu ya viazi vyangu."

*

Safari hii Bi Mwatime hakubeba fomu. Alipita nyumba thelathini na moja, jioni jioni, akiuliza jambo dogo tu: jana ulikula nini, na ulikula na nani?

Watu walishangaa. Kwetu kesho ni mali ya Serikali na kila mtu ana ruhusa kuisifu, lakini jana haijawahi kuulizwa na mtu. Na kwa kuwa haina sheria, wakajikuta wanasema kweli.

Mzee Mbaraka, mstaafu wa posta, alisema alikula chai na andazi. Lakini kabla ya kula aligonga mwiko kwenye sufuria tupu kwa robo saa, majirani wasikie kwamba kwake kunapikwa. Hufanya hivyo kila siku. Amefikia kupenda ile sauti.

Muuguzi wa kona alisema huegemeza simu kwenye kopo la sukari, akafungua video za mwanamke mmoja wa nchi ya mbali ambaye hujirekodi akila tambi. "Yeye akipeleka mdomoni, na mimi napeleka," alisema. "Jana mtandao ulikatika katikati ya chakula. Nikaacha."

Mwalimu wa hesabu alisema hula amesimama karibu na sinki.

"Kwa nini huendi mezani basi, mwalimu, ukakaa?"

"Nikikaa, itakuwa ni chakula, mama. Itabidi nitazame kiti cha pili. Nikisimama ni kama napita tu."

Katika nyumba thelathini na moja, ishirini na nane walikula peke yao. Bi Mwatime alirudi uso unang'aa, huku anaona aibu kung'aa kwa shida za watu.

"Jirani! Ishirini na nane! Mtaa mzima umejifungia na sahani moja moja!"

"Nilikwambia, Bi Mwatime, si nilikwambia?"

"Na wewe jana?"

"Mimi nilikuwa na wageni," nikasema.

Akatazama dirisha langu. Dirisha langu ni kubwa kuliko chumba.

*

Alhamisi alipika. Wali wa nazi, maharage, na samaki wanne wa kukaanga aliowakata vipande ili watoshe. Alikuwa amewaalika wote ishirini na nane kwa majina, mlango kwa mlango, saa saba mchana, bila mgeni rasmi, bila ada. Wote walisema wanakuja. Mzee Mbaraka aliuliza kama aje na kijiko chake.

Saa saba akatandika kitambaa juu ya meza. Saa saba na nusu akafukuza nzi.

Mimi niliyaona yote, na si mimi peke yangu. Kutoka dirishani kwangu niliona madirisha mengine. Pazia la mwalimu lilisogea. Pazia la muuguzi lilikuwa wazi kiasi cha vidole viwili. Mzee Mbaraka alikuwa mlangoni kwake, kijiko mkononi, akitazama kushoto na kulia kama anayesubiri gari. Mtaa mzima ulikuwa umesimama nyuma ya mapazia yake, na kila mmoja alikuwa anasubiri mwingine atangulie. Maana atakayetoka wa kwanza, akavuka ule mchanga akaketi pale, ndiye atakayekuwa amekiri mbele ya watu wote kwamba nyumbani kwake hakuna mtu.

Ukumbi wa viti mia nane usingetibu hilo. Wala meza moja.

Mimi nilikuwa nimeshavaa shati. Nataka hilo lieleweke. Nilikuwa nimelipiga pasi, nimefunga vifungo vyote, nimeshika kitasa. Nikasubiri Mzee Mbaraka apige hatua. Naye, nadhani, alikuwa anasubiri mlango wangu.

Saa kumi Mzee Mbaraka akaingia ndani. Baada ya muda tukasikia mwiko unagonga sufuria.

Bi Mwatime akafunika vyakula, kimoja kimoja. Hakulia. Alikaa hapo mpaka kivuli cha nyumba kikafika mezani, halafu akaita kuku.

*

Jumatatu ikafika, nasi tukafika. Mia nne na kumi na wawili wote, kwa mabasi, kila mmoja na kofia ya bure yenye picha ya kijiko. Bendi ya polisi ilipiga. Tingatinga lilioshwa likafungwa utepe. Mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Mambo Yanayokuja, na akachelewa saa mbili, kama wizara yake inavyomtaka.

Bwana Pantaleo akashika kipaza sauti, ingawa hakukihitaji.

"Mheshimiwa Waziri! Wapo mataifa yanayojiuliza yafanye nini. Sisi hatujiulizi! Wapo wanaopima maji kwa fimbo kabla ya kuvuka. Sisi tulijenga daraja kabla ya maji!" Makofi. "Leo mama huyu mnyonge, mjane, anatoa nyumba yake ili Taifa lipate mahali pa kutafuna kwa umoja!" Makofi, na mtu mmoja nyuma akazimia kwa jua.

Desturi inataka mwenye wazo aulizwe mara tatu, ajibu ndiyo mara tatu, halafu tingatinga linanguruma. Waziri akamgeukia.

"Bi Mwatime, unaridhia?"

Alikuwa amevaa nguo yake ya sikukuu. Alitazama ukuta wa baraza, mahali ambapo marehemu alikosea mstari wa matofali, safu ya sita ikapinda, naye akakataa kuibomoa akisema nyumba isiyo na kosa si ya mtu.

"Hapana," akasema.

Kwanza tulidhani kipaza sauti kimeharibika. Mpiga tarumbeta mmoja alitoa sauti fupi isiyo na maana. Mtu mzima mmoja karibu yangu aliuliza, "Amesemaje?" na mwenzake akamjibu, "Sijui, ni neno la zamani."

"Hapana, Mheshimiwa," akarudia, polepole, kama anayesomea wagonjwa. "Alhamisi nilipika. Niliwaita ishirini na nane, nikawasubiri saa tatu. Hakuja mtu. Siwalaumu, nimejua sababu, na mimi ningeona haya vilevile. Lakini nyumba hii mume wangu ameijenga miaka kumi na minne. Siwezi kuivunja kwa ndiyo za watu waliokuwa dirishani."

Kofia mia nne zikatazama chini. Yangu pia.

Ikawa mtafaruku wa kisheria. Mwanasheria wa Wizara akafunua kitabu juu ya boneti ya gari. Kumkatisha mwenzako tamaa ni kosa, sawa. Lakini mama huyu amejikatisha mwenyewe, na wazo ni lake. Kifungu hakuna. Bwana Pantaleo akaleta fomu ili jibu liandikwe, akatafuta kisanduku, akatafuta, jasho likadondoka kwenye "Ndiyo kabisa". Jibu halikuwa na pa kuandikwa, na kisichoandikwa, kwetu, hakijatokea.

Taarifa rasmi ilisomwa hapo hapo: hafla imeahirishwa kwa sababu ya mvua kubwa. Jua lilikuwa linapasua vichwa. Waziri akafunguliwa mwavuli. Nasi tukavua kofia tukajifunika mabega, tukakimbia huku tukiruka madimbwi.

*

Nyumba ikabaki. Bi Mwatime akabaki ndani yake, na sasa akawa peke yake kuliko mwanzo, maana mjane anaweza kuamkiwa njiani, lakini mwanamke aliyesema hapana mbele ya Waziri unamwona kwa mbali ukakumbuka umesahau kitu nyumbani.

Kwa wiki mbili hakuna aliyemsogelea. Wiki ya tatu mtu mmoja akapita mlango wa nyuma, kofia imeshuka mpaka puani. Alikuwa na ng'ombe sita na wazo: auze wote afungue chuo cha kufundisha majogoo kuwika kwa zamu. Watu mia tisa walikuwa wamethibitisha.

"Umeshamfundisha jogoo hata mmoja?" Bi Mwatime akamwuliza.

"Bado."

"Mwezi uliopita, nani alikulalamikia jogoo wake?"

Yule mtu akafikiri mpaka akachoka. "Hakuna."

"Basi hapana, baba. Kaa na ng'ombe wako."

Nilimwona akitoka. Alitoka kama mtu aliyetolewa mwiba. Alisimama kwenye kona ya nyumba akacheka peke yake, akafuta macho, akaenda kukamua.

Kesho yake wakaja wawili. Kesho kutwa sita. Walikuja kwa mlango wa nyuma, mmoja mmoja, na mayai, sukari, kuni. Walingoja nyuma ya banda la kuku bila kutazamana. Yule mwenye kutaka kuuza shamba anunue meli. Yule mwenye kutaka kuacha kazi akauze barafu mlimani. Mwalimu wa hesabu alikuja na wazo lake, nalo lilikuwa zuri, na Bi Mwatime akamwambia ni zuri lakini aanze na wanafunzi watatu. Akatoka amechanganyikiwa, hajawahi kusikia wazo zuri likipewa namba ndogo.

Serikali haikujua la kufanya, kwa kuwa mama yule hakuwahi kutokea. Sikudhani alipopata habari alituma kifuko cha chipsi na ujumbe kwamba mafuta ni ya leo.

Kwa hiyo mkitaka kujua biashara iliyothibitishwa kuliko zote katika nchi yetu, ni ile: watu wanapanga foleni kwenye jua kutafuta mtu wa kuwakatalia. Mama huyo hakuiwazia, hakuiombea fomu. Na kila anayekuja humkuta Bi Mwatime karibu na sufuria, na kila mmoja huambiwa "karibu chakula", na kila mmoja hujibu ndiyo, nakuja, ngoja ninawe mikono. Kisha hutoka kwenda kunawa, akanawia kwao.

*

Wiki iliyopita, mchana, alikuja Bwana Pantaleo. Gari aliliacha mtaa wa pili. Alikuwa bila koti, na bila koti alikuwa mdogo kuliko sauti yake.

Bi Mwatime alinisimulia mwenyewe, kwa kupaza sauti kutoka barazani. Ndivyo tunavyozungumza siku hizi, yeye kwake, mimi dirishani.

Bwana Pantaleo anastaafu. Ana wazo la karamu ya kuagana, na tayari watu mia sita wamesema watakuja. Wote ndiyo kabisa. Anataka kuuza gari akodi uwanja.

"Niambie ukweli, mama. Watakuja?"

"Mwezi huu, nani alikupigia simu isiyo ya kazi?"

Bwana Pantaleo akatazama dari. Akatazama mikono yake. "Daktari wa meno," akasema.

"Kukujulia hali?"

"Kuahirisha."

Kuku mmoja akapita kati yao.

"Usikodi uwanja," Bi Mwatime akasema.

"Nikodi viti vingapi, basi?"

"Usikodi. Ulivyo navyo nyumbani vitatosha."

Akatikisa kichwa mara nyingi. Alisema ni ajabu, inauma lakini kifua kimekuwa chepesi. Akainuka kuondoka. Chakula kilikuwa kimeiva, wali ulikuwa unanukia, na sahani mbili zilikuwa tayari mezani, maana ule mkono mpaka leo haujajifunza.

"Karibu chakula, Bwana Pantaleo."

Akafungua mdomo kusema lile tunalosema sote. Likafika kooni, likasimama. Akamtazama Bi Mwatime kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake wa umma akasema:

"Hapana, mama. Naona haya."

Ilikuwa hapana safi, haikuwa na kiraka. Bi Mwatime akampongeza. Alimwambia ameitamka vizuri kuliko wote waliowahi kuja, na Mkurugenzi huyo akatabasamu kama mtoto, akaenda zake mtaa wa pili kwenye gari ambalo sasa hataliuza.

Bi Mwatime akapakua. Nilimwona. Kutoka mlangoni kwangu mpaka barazani kwake ni hatua kumi na nane. Shati limepigwa pasi, liko msumarini. Na mkiniuliza kama kesho nitavuka nikale naye, nitawajibu bila hata kufikiri: ndiyo. Ndiyo kabisa.